Kahawa ya Mama na Mfungo Wangu wa Kwanza

Tangu Jumanne mnaniuliza, nami nawajibu kwa kucheka tu. Kwa nini Rehema ametia buni katikati ya sahani ya tende? Hata mwalimu wetu, Bi Mwajuma, alidhani nimekosea chombo. Sasa wenzangu wa darasa la jioni, nimeamua kuandika, maana nikisimulia kwa mdomo nitaruka pale panaponiaibisha, na pale ndipo penyewe.

Mnajua kwamba huu ni mfungo wangu wa kwanza. Msichojua ni kwamba mpaka wiki iliyopita, kwetu Muleba hakuna aliyejua kuwa nimesilimu. Kwao mimi bado ni Edigna, binti wa Ma Leokadia, fundi cherehani wa Hamugembe, Bukoba, ambaye tangu baba yake afariki haonekani kanisani. Nilimficha Mama miezi minne. Kila alipopiga simu nilijiambia jambo kama hili husemwa uso kwa uso, kisha nikafanya kila njia uso wangu usikutane na wake.

Halafu dada yangu Adventina, anayekaa kisiwani akinunua na kukausha dagaa, akajifungua. Mama akataka kumwona mjukuu, na Mama hapandi boti peke yake. Basi nikafunga duka Alhamisi asubuhi, nikatoka na nguo za mtoto nilizozishona mwenyewe na azma moja: sirudi Bukoba kabla Mama hajalisikia neno hili kutoka kinywani mwangu.

Hamugembe hadi Muleba mjini

Bi Mwajuma alinikuta nafunga mzigo, akaniambia, "Mwanangu, msafiri ameruhusiwa kula. Utalipa baadaye." Nikamjibu kwamba nitafunga tu. Mgeni wa dini ana kiherehere, anataka kufunga kuliko waliozaliwa ndani yake. Isitoshe nilikuwa nimeshamaliza siku tisa na nilijiona nimebobea.

Kusema kweli siku zile tisa hazikuwa nilivyodhani. Njaa nilikuwa nimejiandaa nayo. Sikuwa nimejiandaa na mikono yangu na ulimi wangu. Fundi cherehani huulowesha uzi kwa mate ndipo autie kwenye tundu la sindano, kazi ninayoifanya mara arobaini kwa siku bila kujua. Siku ya kwanza kila nilipopeleka uzi mdomoni nilishtuka, nikauliza kama nimefungua. Mkanicheka sana. Mimi nilijifunza kitu hapo, kwamba nimeishi miaka ishirini na tisa mwili ukifanya mambo na mimi nikifuata nyuma. Kufunga ndiyo mara ya kwanza nilipouambia mwili ngoja, nao ukangoja. Kuna raha ndani yake ambayo sikuambiwa.

Pale stendi kabla ya kupanda nilizima sauti ya adhana kwenye simu, isije ikaanza kuita mbele ya Mama. Muione hapo azma yangu ilivyokuwa na miguu ya kukimbia.

Gari lilisimama Kemondo muda mrefu. Dereva alishuka kupakia mikungu ya ndizi, akakuta mwenye ndizi amekwenda kwenye msiba, akaamua kumsubiri. Mzee wa makamo aliyekaa karibu nami akafungua mfuko wa senene wa kukaanga, akanisogezea.

"Karibu, waitu," akasema, kwa lile neno letu Wahaya la upole.

"Asante baba, nimeshiba."

Akaniangalia. "Mhaya hashibi senene. Unaumwa?"

"Siumwi."

"Basi una mimba." Akaufunga mfuko kwa heshima, akaniomba msamaha kwa harufu, na tangu hapo hadi Muleba akawa anamwambia dereva aende polepole kwenye mashimo. Nilimwacha na imani yake. Nilikuwa naanza kuzoea kuwaacha watu na imani zao, na dhambi hiyo ilikuwa inanisubiri mbele.

Muleba mjini hadi kwa Mama

Kutoka mjini nilichukua bodaboda hadi njia panda, kisha nikashuka kwa miguu kupitia vibanja, mashamba yetu ya migomba na kahawa. Nilimkuta Mama anang'oa majani chini ya migomba. Alinyoosha mgongo, akanikumbatia, akanipapasa mabega kama anayepima kitambaa, akasema nimekonda. Tukaingia ndani.

Sasa hapa ndipo. Kwetu mgeni akishakaa, kabla hajaulizwa la safari, huletewa kikapu kidogo cha buni zilizochemshwa na majani yenye harufu na kukaushwa, zile tunazoziita akamwani. Unachukua chache, unatafuna, ndipo unakuwa umefika. Mama anaziandaa mwenyewe na majirani wanazisifia. Nimezitafuna tangu meno yaote. Mama akapiga goti mbele yangu na kikapu, nikanyoosha mkono, nikatia mbili mdomoni, nikauma, utamu mchungu ukasambaa kwenye ulimi, na moyo ukasema, nimefika nyumbani.

Ndipo nikakumbuka.

Bi Mwajuma alitufundisha kwamba aliyekula kwa kusahau hajafungua, ateme tu aendelee. Basi nikatema. Nilitema mkononi, mbele ya Mama, yeye bado amepiga goti.

Ambaye si wa kwetu hawezi kujua nilichokifanya. Kutema kahawa uliyopewa ni kumwambia mwenyeji kwamba humwamini, kwamba labda ametia kitu. Watu wamewahi kuvunja undugu kwa hilo. Mama alibaki na kikapu mikononi.

"Edigna. Nimekukosea nini?"

"Hapana Mama, hapana waitu. Nimefunga. Nilisahau kwamba nimefunga."

Hapo nilikuwa na sentensi moja tu iliyobaki. Mnakumbuka mwaka huu Kwaresima na Ramadhani zimekwenda sambamba. Uso wa Mama ulifunguka, na kabla sijavuta pumzi akauliza, "Kwaresima? Wewe?"

Nami nikanyamaza.

Sikusema ndiyo. Nilikuwa najipa moyo kwa hilo siku mbili nzima, kwamba sikusema ndiyo. Mama alikaa chini akafanya ishara ya msalaba na machozi yakamtoka. "Tangu baba yako aondoke nimekuombea urudi," akasema. "Mimi mwenyewe nimeacha kutafuna kahawa hadi Pasaka, isipokuwa kila Dominika, siku ya Bwana. Nikadhani nimefanya jambo. Kumbe mwanangu hali kabisa." Nikamsaidia kuinuka. Moyo wangu ulikuwa mzito kuliko tumbo lilivyokuwa jepesi.

Jioni ile alipika ndizi na maharage, akakataa kula mpaka jua lizame kwa sababu yangu. Nilipotoa tende kwenye mkoba akauliza ni tunda gani, nikamwambia ni tende, akasema zinatajwa kwenye Biblia, akala tatu. Tulikula tukicheka habari za mzee wa senene. Kama si lile neno lililonikaa kooni, ningesema hakuna futari niliyoifurahia kama ile.

Kwa Mama hadi ziwani

Ijumaa Mama alinikuta nakula ndizi baridi saa kumi na nusu alfajiri. Akaniuliza kama nimeanza kutembea usingizini. Nikamwambia ndivyo ninavyofunga, nakula kabla hakujapambazuka, kisha sili wala sinywi hadi jioni. "Hata maji?" Hata maji. Akatikisa kichwa kwa mshangao. Niliona kabisa habari ile inavyomjaa kifuani, ikitafuta pa kutokea.

Ikapata pa kutokea mwaloni, pale boti za kisiwani zinapotia nanga. Boti ilipaswa kuondoka saa tatu. Mizigo ilikuwamo, unga wa muhogo ulikuwamo, abiria tulikuwapo, lakini kuna bwana harusi wa kisiwani aliyekuwa ameagiza kitanda, na nahodha alikuwa ameahidi. Kitanda kilikuwa bado kinapigwa vanishi Muleba mjini. Tukakisubiri hadi saa saba, na katika saa nne hizo Mama alinitangaza.

Alianza na mwanamke mmoja aliyekuwa anakula viazi. "Huyu mwanangu amefunga. Hanywi hata maji."

"Mimi nimeacha nyama," mwanamke akasema, akiwa na haya kidogo.

"Nyama," Mama akasema kwa upole, kama anayemsamehe. "Wanetu wa mjini siku hizi ndio wanaotufundisha dini."

Wakasogea wengine. Mmoja akauliza kama ninataka kuwa sista. Mwingine akataka nimwombee mwanawe apate kazi. Kijana mmoja mwenye kofia, mpakiaji wa magunia ambaye naye tangu asubuhi sikumwona akinywa maji, alinitazama mimi, akamtazama Mama, akageuka kuangalia ziwa mabega yakimtingishika. Alijua. Alipopita karibu nami alisema taratibu, "Mungu akupe subira, dada," nami nikajua hasemi juu ya njaa.

Kitanda kilipofika vanishi ilikuwa bado inanata. Tukavaa maboya tukaondoka, na kila aliyekigusa kile kitanda alishuka kisiwani na alama kwenye nguo, Mama akiwamo.

Kisiwani

Adventina anakaa katika nyumba ya mabati yenye vyumba viwili, na nje ya mlango hadi ufukweni ni dagaa tu, wametandazwa kwenye vichanja vya nyavu. Kisiwa kizima ni cha watu waliotoka kwingine. Mume wa Adventina ametoka Ukerewe, jirani yao wa kulia ametoka Bunda, na wa kushoto, Mama Shaibu, ni mfanyabiashara wa dagaa kutoka Kigoma. Mtoto mchanga ana paji la uso la baba yetu, lilelile la kukunja. Mama alimshika akamwita kwa jina la marehemu, akaimba wimbo wa kwetu wa kubembelezea, na kwa muda ule nilisahau kila kitu.

Jioni Mama Shaibu alileta uji wa pilipili manga. Alikuwa ameniona nikitawadha nyuma ya nyumba. Hakuuliza, aliniambia tu, "Karibu ufuturu, mwanangu," akaweka bakuli. Mama alikuwa ndani na mtoto, hakusikia. Adventina alisikia. Aliniangalia kwa muda mrefu, akasema, "Dada. Sema wewe kabla kisiwa hakijasema. Hapa habari haikauki, tofauti na dagaa."

Jumamosi mchana tulikuwa tunageuza dagaa vichanjani, mimi na Mama, yeye upande ule na mimi upande huu. Jua lilikuwa kali. Mama alikuwa na furaha.

"Nimezungumza na katekista," akasema. "Kesho baada ya ibada utasimama useme maneno mawili kwa akina mama, jinsi unavyofunga. Uwatie moyo."

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa imefika kwenye kichanja cha dagaa. Nilijifuta mikono kwenye kitenge.

"Mama, siwezi kusimama."

"Unaona aibu? Maneno mawili tu."

"Sijafunga Kwaresima, Mama. Nimefunga Ramadhani. Nimesilimu."

Aliendelea kugeuza dagaa. Aligeuza safu nzima, wengine mara mbili.

"Tangu lini?"

"Tangu mvua za vuli."

"Ni mwanamume?"

"Hapana waitu. Hakuna mwanamume."

"Afadhali angekuwepo," akasema. "Ningejua wa kumlaumu."

Nikamweleza kama nilivyowaeleza ninyi, ila kwake ilikuwa vigumu zaidi. Kwamba tangu Baba afe nilikuwa nikipiga magoti na maneno hayaji. Kwamba nilikuwa nashona kanzu za watu wa msikiti wa jirani, nikiwaona wakiinama hadi paji la uso linagusa chini, nikawaza, hapo hata asiye na maneno anaweza kusali. Kwamba nilipojaribu, nililia kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Nilimwambia sikumkimbia Mungu wake. Nilikuwa nimepotea njia ya kwenda kwake na nikaipata upande mwingine wa mtaa.

Mama alisikiliza. Kisha akasema lililomuuma, na halikuwa lile nililoliogopa miezi minne.

"Ulinitazama nikiringa. Mwalo mzima. Nikamdharau yule mwanamke na viazi vyake. Ukaniacha."

Akakung'uta mikono akaingia ndani kwa mjukuu. Jioni nilifuturu kwa Mama Shaibu, na tende ile niliitafuna kama kitambaa. Nilikuwa nimetimiza azma niliyotoka nayo Hamugembe, na sikujisikia mtu aliyetimiza chochote. Siku kumi na mbili nilikuwa nimezuia mdomo usile. Kuuzuia usinyamaze mahali pa kusema, hilo sikuwa nimelifunga hata siku moja.

Kurudi

Jumapili Mama alikwenda kusali kigangoni na Adventina, mtoto kafungwa mgongoni kwa Mama. Mimi nilibaki naosha vyombo. Waliporudi Mama alipita moja kwa moja kwenda kufunga mizigo. Adventina akanivuta kando.

"Katekista alimuuliza Mama, 'Mwanao yuko wapi, aje atuambie?' Mama akasimama yeye. Akasema, 'Niliwaambia mwanangu amefunga Kwaresima. Nilikosea. Amefunga mfungo wa Waislamu, amekuwa wa huko. Lakini anafunga kweli, na mimi niliringa kwa kisicho changu, naomba mnisamehe.' Kisha akaketi."

"Watu walisema nini?"

"Mmoja alikohoa. Tukaimba."

Nilitaka kumkimbilia, nikaogopa. Boti iliondoka mapema safari hii, hapakuwa na kitanda. Mama alikaa mbele, mimi nyuma, na katikati yetu magunia ya dagaa. Ziwa lilikuwa limetulia. Mwaloni aliniambia neno moja, "Shika," akinipa mfuko wake wenye dagaa wa Adventina. Kwenye gari alikaa tena mbele hadi njia panda. Nikambebea mizigo yote hadi nyumbani nikitembea nyuma yake, nikiyatazama madoa ya vanishi kwenye gauni lake. Nilikuwa nimeamua kwamba nikishatua mzigo nitamwomba radhi, nilale, na alfajiri niondoke. Sikuona haki ya kuomba zaidi.

Tulifika jua likiwa linagusa migomba. Nilitua mizigo nikakaa kwenye mkeka. Mama aliingia chumbani, nikasikia anafungua sanduku, anafunga. Akatoka na kikapu.

Safari hii hakupiga goti mbele yangu. Alikaa kando yangu kwenye mkeka, kikapu mapajani, mfuniko umefungwa, mkono wake juu ya mfuniko.

"Limezama?" akauliza.

"Bado kidogo, Mama."

"Utajuaje?"

Nikatoa simu. Nikairudisha ile sauti niliyoizima stendi, nikaiweka simu kwenye mkeka kati yetu. Nikamwambia, "Mama, nisamehe. Si kwa dini. Kwa kunyamaza."

"Ya dini sijakusamehe bado," akasema. "Hiyo nitaizungumza na Mungu, na itachukua muda. Huko wanakuitaje?"

"Rehema."

Alifikiri. "Rehema. Hata binti wa mjomba wako ni Rehema, na amebatizwa." Ikawa kama jambo lile limemchokoza na kumtuliza kwa pamoja. "Mimi nitakuita Edigna."

"Ndiyo, waitu."

Tukakaa. Kuku walikuwa wanaingia bandani. Sijawahi kuona jua likizama polepole kama siku ile, wala sijawahi kutamani lisiharakishe. Kisha simu ikaadhini. Mama alishtuka, akaiangalia, akasikiliza mpaka mwisho kichwa kikiwa kimeinama, kama anavyosikiliza kengele ya sala ya Malaika wa Bwana.

"Ndiyo hiyo?"

"Ndiyo hiyo."

Nikaupeleka mkono kwenye mkoba kutafuta tende. Mama akanishika mkono. Akafungua kikapu, akachagua buni moja, akaipasua ganda kwa ukucha. Ndani ya ganda la buni punje huwa mbili, zimegandana tumbo kwa tumbo. Wazee wetu walioapa undugu waligawana hivyo. Moja akaishika yeye, akasema, "Leo ni Dominika, naruhusiwa." Nyingine akanitia mdomoni kwa mkono wake, kama mtoto.

"Hii," akasema, "usiiteme."